Saba Nukta Sufuri Tatu

Saa tisa usiku, Kutaisi.
Theluji imepanda hadi nusu ya dirisha la maabara.
Sindano imeletwa ingali na joto la mwili:
Bachana, miaka tisa, kitanda cha mlangoni.

Mashine inasaga, inanyamaza, inatema karatasi.
Saba nukta sufuri tatu.
Narudia kipimo. Mashine si mwongo,
ila usiku kama huu mtu huomba iwe mwongo.
Saba nukta sufuri tatu.

Hujui udogo wa uwanja tuliopewa.
Baada ya saba na nukta yake,
kutoka thelathini na tano hadi arubaini na tano,
humo tu ndimo tunamoishi sote,
maaskofu, wezi wa kuku, mimi Lamzira
na viatu vyangu vinavyovuja.

Naenda wodini. Nasikia kabla sijaona:
pumzi ndefu, nzito,
kama ya mtu apandaye ngazi za nyumba isiyo na paa.
Kinywa chake kinanuka matufaha yaliyosahauliwa kapuni.
Si pumu. Ni mapafu yanafagia,
yanatupa nje hewa ukaa, ndoo kwa ndoo,
kwa kuwa ndiyo asidi pekee yenye mabawa.

Bikaboneti, haki ya mtu ni ishirini na nne.
Yake imebaki sita.
Nyingine zimejitoa:
kila moja imekumbatia chembe kali ya haidrojeni,
zikageuka maji na pumzi,
zikapita puani bila kaburi.
Figo nazo zinashona, lakini ni mafundi wa siku tatu,
na sisi hatuna siku tatu.

Bibi yake, Tsiala, ameficha chupa ya Borjomi ndani ya koti.
"Maji haya yametoka kwenye mwamba," ananinong'oneza,
"marehemu mume wangu akizidisha mchuzi wa plamu,
haya ndiyo yaliyomtuliza."
Daktari Otia anatikisa kichwa.
Insulini. Dripu. Magadi tuyaache;
ukizima moto, moshi huondoka wenyewe.
Sikumcheka bibi. Chumvi ameipatia,
amekosea mlango tu.

Saa kumi na moja: saba nukta moja moja.
Saa mbili asubuhi: saba nukta mbili sufuri.
Bado si uzima. Lakini ngazi zimepungua.

Bachana anafungua jicho moja.
"Nani alikuwa anakimbia humu ndani?"
Hakuna aliyemjibu.

Nimekamulia limau zima kwenye chai yangu,
nimekunywa nikiwa nimesimama,
na damu yangu haikushtuka hata kidogo.
Bibi Tsiala ameifungua chupa yake,
akanywa mwenyewe, funda kwa funda,
akacheua kwa sauti,
akaomba radhi.