Kinyozi Hajinyoi

Umeme ulikatika Jumanne, na Alhamisi bado
mashine zangu tatu zimelala drooni kama panya wafu.
Hapa Kilembe, chini ya nyumba za kampuni,
nimenyoa wachimbaji, walimu, bwana harusi mmoja aliyelia,
na kwa miaka kumi na minne sijashika wembe wa maji.
Kidevu changu hunyolewa na Muhindo wa kibanda cha pili,
kwa mashine, kikavu, haraka,
kisha shingo yangu huota vipele kama mtama.

Mama Mbambu akaleta kopo la maziwa ya unga.
Ndani: kishikio cha chuma cha marehemu, kizito kuliko nilivyodhani,
burashi iliyokonda, kipande cha shabu,
nyembe tano kwenye karatasi ya nta.
"Elfu kumi. Na usipojua kuutumia, hela yangu iko palepale."

Kinyozi gani atakiri hajui?

Alfajiri nikateka maji ya Nyamwamba,
yameshuka na baridi ya theluji kutoka juu huko,
nikayapasha nusunusu kwenye sigiri,
nikajipaka sabuni ya kufulia.
Povu likakauka kabla sijamaliza kuomba.
Nikavuta wembe kama mtu anayepalilia.
Ulinijibu mara nne:
chini ya pua, kwenye taya,
na mara mbili pale koo linapopanda na kushuka.

Nikafungua kibanda na vipande vya gazeti kidevuni,
habari za bei ya pamba zikinywa damu yangu.
Mteja wa kwanza akanitazama,
akasema atarudi umeme ukirudi.

Kinyozi hajinyoi, nikajiambia.
Methali nzuri sana kwa mvivu.

Mbambu akaja kudai, akaona gazeti. Hakucheka.
Akaketi, ungo wa maharage magotini,
akawa anachambua na kunisema bila kuinua macho:

"Maji ya moto kwanza. Taulo. Subiri.
Ndevu ni kama haya maharage,
hujayalowesha, unapika nini?

Zungusha burashi. Bado.
Bado. Hayo ni mate, si povu.
Ongeza tone. Nimesema tone.
Likisimama kama sikio la sungura, ndilo.

Sasa papasa. Shavuni zinateremka,
shingoni zinapanda, zinakata kushoto.
Hukujua zinakoelekea?
Na miaka yote hii zinatoka kwako.

Usikandamize! Si jembe hilo.
Chuma kina uzito wake, kiachie kazi yake."

Nikauliza amejulia wapi.
Jiwe bovu likarushwa nje ya ungo.
"Mkono wake wa kulia ulibaki mgodini.
Mimi ndiye niliyekuwa mkono. Miaka kumi na tisa,
ila Jumapili, Jumapili alitaka kulala."

Nikavuta ngozi kwa kidole, nikaulegeza mkono,
na nikausikia: mkwaruzo mdogo, mkavu,
kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria
nyumba ya tatu kutoka hapa.
Ukiusikia huo, akasema, uko sawa.
Ukinyamaza, simama.

Suuza. Paka tena. Pita tena, kwa upole zaidi.
Maji ya baridi, na safari hii Nyamwamba ilinifaa.
Shabu ikatafuta makosa yangu yote,
ikapata mawili tu.

Akainuka. Akaweka mgongo wa mkono wake shavuni pangu,
akauteremsha kutoka sikioni, akaupandisha kinyume cha ndevu,
kama anayekagua nguo aliyoifua mtu mwingine.
Chini ya taya ukasimama.
"Hapa umeruka," akasema.
Kisha, baada ya muda:
"Hapa palikuwa pagumu kwake pia."

Akafuta povu kwenye kitenge.
Nikampa elfu kumi na mbili, akarudisha mbili.
Akavitoa vitu kimoja kimoja, akavipanga mezani pangu
karibu na mashine zilizolala,
akaondoka na kopo.
Kopo, alisema, lilikuwa la chumvi.