Sarafu ya Barranquilla

Kwenye mashine ya kufulia, Dundee, Jumapili,
kuna kitu kinapiga ngoma.
Nakijua: peso mia mbili,
chenji ya embe bichi la ndimu na chumvi
aliloniuzia Yadira kule Barranquilla,
akacheka nilivyoling'ata hadi kokwa.
«Nani kakufunza?»
Nikamwonyesha meno tu.

Siku tisa bila saa.
Chumba cha feni moja
na mjusi asiyelipa kodi.
Ndara ilipokatika nikaifunga waya,
nikaendelea; sikuwa na pa kuwahi.

Nje, mvua ya Machi inakuja kwa ubavu.
Nguo zimekwisha kufuliwa, zinangoja joto.
Naitumbukiza sarafu kwenye tundu la kikaushio.
Inatemwa.
Naiokota, naipulizia,
naitumbukiza tena.