Kota za Blanketi

Getini Mfaume ananisukumia daftari:
jina, namba ya simu, muda wa kuingia, shughuli.
Kalamu imefungwa kwa uzi wa katani isije ikasafiri.
Naandika jina, naandika saa nane na robo,
kwenye shughuli nakwama.
Aliyenitangulia ameandika "vigae".
Aliyemtangulia, "vigae". Juu yake, "kupima".

Paa bado lina meno ya msumeno,
yanang'ata mawingu ya Barabara ya Pugu yasiyonyesha kitu.
Chini yake, mlimokuwa na mitambo mia na themanini,
maboksi ya vigae yamepangwa mpaka darini,
na sakafuni matundu ya bolti, safu kwa safu,
kama ufizi ulioachwa na meno.
Mtambo mmoja tu umebaki. Mzito, anasema Mfaume,
wa vyuma chakavu walikuja na kreni,
kreni ikainua magurudumu yake yenyewe.
Nagusa chuma. Grisi ya miaka ile haijakauka.
Najipaka kidogo kwenye kucha, bila kuomba.

Hapa mama yangu, Somoe binti Likwata,
alifuma blanketi la kijivu lenye mstari mmoja mwekundu.
Lililala hospitalini, likalala bwenini, likalala jela,
nasi tukalala nalo, lile lenye dosari, la bei ya wafanyakazi,
mstari umepinda pale mtu aliposinzia.
King'ora ndicho kilichokuwa jogoo:
cha kwanza, maji jikoni; cha pili, viatu;
cha tatu, anayekimbia ameshakatwa nusu siku.

Na kelele. Zile hukuzisikia, ulizivaa.
Wafumaji waliacha sauti getini pamoja na vikapu,
wakasemezana kwa midomo mitupu, mtambo kwa mtambo,
misiba, mikopo, mume wa nani kaonekana wapi.
Mama alirudi na lugha hiyo nyumbani,
akatugombeza kimya kimya, midomo mipana,
tukajifunza kuogopa mdomo kabla ya sauti.
Alipozeeka sikio likagoma kabisa,
tukabaki na lugha ya kiwanda peke yake.

Natokea nyuma, kwenye kota.
Kuta zote, mpaka begani, rangi ya kijani ya kiwanda:
hakuna aliyeinunua, hakuna asiyekuwa nayo.
Arobaini na saba, mlango wetu, una kufuli geni
na mwanasesere asiye na mkono kizingitini.
Natoa simu, napiga picha.
Ndipo baraza zinanyamaza.

Lori la vigae linapita likinguruma, vumbi linasimama katikati.
Upande huu bibi mmoja anachambua mchicha,
upande ule mwenzake anasuka ukili.
Midomo ya wa mchicha inafunguka, polepole, bila sauti:
*Mpimaji mwingine huyo. Msimwonyeshe karatasi.*
Wa ukili anajibu:
*Tazama viatu. Vya kukanyagia viwanja vya watu.*

Nimesoma. Nimesoma yote, hata lile tusi dogo la mwisho
ambalo sijaliona mdomoni mwa mtu tangu tumzike mama.
Koo limenikaba, na lingekuwa wazi lori lisingeniruhusu.
Nikafungua mdomo, nikaupanua kama nilivyofundwa:
*Mimi wa Somoe. Arobaini na saba.*

Mchicha ukamwagika.
Bibi akasimama, akanitazama mdomo, si macho.
Alikuwa Havijawa, wa mtambo wa jirani;
mama akisimulia, ndiye aliyesinzia.
Lori limeshapita, angeweza kusema kwa sauti.
Hakusema. Akalionyesha jua kwa kidole:
*Umechelewa. Shifti imeingia zamani.*
Kisha akanisukumia ungo.

Saa kumi na mbili kasoro narudi getini,
kucha moja nyeusi, tisa za kijani.
Mfaume anataka kufunga. Safu yangu bado tupu.
"Shughuli?"
Naandika: kuchambua mchicha.
Anaisoma mara mbili, ananitazama, anaisoma tena,
halafu chini yake anapiga mstari mwekundu wa kufunga siku.
Hana rula.