Mizinga Saba

Baba aliigawa kabla hajaaga:
ya magome ya muba kwangu, maana ni myepesi na mimi ndiye mpandaji;
saba ya mninga, mizito, ya kudumu,
kwa Msabila, aliyekuwa jeshini,
asiyejulikana atarudi lini.

Nikaitunza. Kila mavuno yakipita
nilikwenda posta ya Sikonge na kalamu ya kuazima:
Kaka, mvua ilichelewa. Mama anakohoa.
Mizinga yako saba ni mizima, nimeiweka vizuri,
mbali na njia, haionekani.

Barua ya mwaka wa sabini na nne ilifunguliwa njiani.
Wakamwita, akasimama wima mbele ya meza tatu.
"Luteni, una mizinga Sikonge?"
"Ndiyo, afande. Saba."
"Nani anailinda?"
"Nyuki, afande."
Aliniapia kwamba meza ya kwanza ilicheka,
ya pili ikacheka,
ya tatu ikampeleka kikosi cha mizinga.

Huko akapanda. Mimi pia nilipanda,
kamba kiunoni, mwenge wa moshi mkononi.
Alivuka Kagera akiwa meja,
akarudi na nishani, na sikio la kushoto limeziba.
Redio ikasema Kanali. Ikanyamaza. Ikasema Brigedia.
Kisha miaka ya picha tu,
kifua kikizidi kujaa utepe na chuma,
mpaka mama, gazeti amelishika kichwa chini miguu juu,
akauliza, "Na hivi vyote analala navyo?"

Alistaafu Meja Jenerali.
Gari la jeshi lilileta mizigo kwa barabara,
mwenyewe akashuka stesheni ya Tabora, kiti cha daraja la tatu,
kwa sababu, alisema, aliondoka hivyo.

Siku ya tatu akataka kuiona mali yake.
Julai, alfajiri ya baridi, nyuki wakiwa wazito.
Nikaushusha wa kwanza kwa kamba, polepole,
maana kwa umri ule hapandi mtu.
Akapiga magoti, akaegemeza sikio kwenye mbao.
"Mtupu," akasema.
Nikamwambia, "Kaka, geuza kichwa."

Akageuza.
Akakaa hivyo, kofia mkononi,
mdomo wazi kama mtoto anayesubiri kijiko,
hata jua likatufikia kupitia mitundu
na ikabidi nimvute mkono tuondoke.

Usiku ule, kibuyu cha wanzuki kikiwa nusu,
alisema neno kuhusu vita. Moja tu;
watu wanadhani alinisimulia mengi.
"Moshi wako unamtoa nyuki, kisha nyuki anarudi.
Kuna kijiji, ng'ambo ya mto..."
Akafunika mdomo wa kibuyu kwa kiganja
kana kwamba kuna kitu kingetoka.

Tulimzika Machi. Bendera, tarumbeta, matope.
Kanali kijana akaniuliza kwa adabu
wapi wafyatulie heshima ya mwisho.
Nikamwomba waelekee barabarani;
upande wa msitu kuna makundi yanahama, yasishtushwe.
Akaandika kwenye daftari. Akapiga saluti.
Kwangu. Mimi na kandambili zangu.

Wiki iliyopita nilifika mahakamani kwa ajili ya mirathi.
Karani hakuinua macho: "Marehemu aliacha nini?"
Nyumba hakujenga huku. Nishani anazo shemeji, ni haki yake,
kazipanga kabatini, anazifuta vumbi Ijumaa.
"Mizinga saba," nikasema.
Kalamu ikasimama.

"Minne ina nyuki," nikaongeza. "Miwili mitupu.
Mmoja uliangushwa na masika.
Andika hivyo hivyo."