Pale Joto Lisipofika

Bibi Chalao wa Den Chai hauzi mbuzi kwenye gunia.
Aliwamwaga watoto watano juu ya mkeka,
weupe kama wali wa jana, masikioni kivuli tu,
akaniambia: keti kwanza, paka hanunuliwi kwa kusimama.
Nikaketi. Saa nzima.
Wanne walinipanda, wakanishuka, wakaniona kisiki.
Wa tano, mkia umepinda nchani
kama ndoana iliyokosa samaki,
alinikazia macho ya buluu yenye makengeza kidogo,
akafungua kinywa,
ikatoka sauti ya mlango wa ghala.

"Huyo nitakupunguzia," alisema, "kwa ajili ya mkia."
Nililipa bei kamili.
Sikutaka aje kusikia siku moja.

Nikapewa kitambaa chenye harufu ya mama yake,
samaki wa kuchemsha ndani ya jani la mgomba,
na maagizo: maziwa hapana, upweke hapana,
chanjo ya pili usiiruke,
na akizungumza nawe, mjibu hadi amalize.

Hakumaliza. Treni nzima ya Lampang ilimsikia.
Mkaguzi aliinama juu ya kikapu
akauliza kama mheshimiwa naye ana tiketi,
maana amelihutubia behewa tangu stesheni.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Namwa (nilimpa jina la zile ndizi fupi za uani)
hakungoja ya tatu.
Usiku wa kwanza alilima chungu cha mrehani,
akalima pazia,
akapanda cherehani yangu akavuna uzi wote wa buluu
uliongoja sare za watoto arobaini.
Asubuhi nilishona kwa uzi wenye mate.
Kununua si kazi.

Mwezi wa kumi na mbili baridi ilishuka kutoka milimani.
Nikaamka nikaona pua yake ina masizi.
Nikalowesha kitambaa, nikapangusa.
Kesho yake masikio. Kisha nyayo, zote nne.
Nikamgombeza kwa kulala kwenye mkaa,
nikamsugua kwa sabuni ya mche
mpaka akaniuma, na alikuwa na haki.

Daktari Rungnapa alicheka miwani ikamtoka.
"Mama, hiyo si taka. Ndiye yeye.
Manyoya yake yanaijua baridi:
karibu na moyo hubaki peupe,
pale joto lisipofika, hapo ndipo rangi huiva."

Nilimwomba radhi njia nzima ya kurudi.
Hakuniacha nimalize.

Mwezi wa pili alipasuliwa, asije akazaa.
Walimnyoa ubavuni kipande cha ukubwa wa biskuti.
Siku mbili alilala ndani ya fulana ya marehemu Prasoet,
ile niliyoikunja mwaka jana na kukataa kuifua.
Akaikojolea.
Nikaifua.
Ikaanikwa kambani pamoja na matambara mengine,
na jua likaikausha kama nguo yoyote.

Manyoya ya ubavuni yamerudi, meusi.
Daktari anasema yatapauka msimu wa joto.
Labda. Kila siku naangalia.
Ni alama ndogo, mtu asiyejua
angedhani amegusa chungu.

Usiku anajichimbia upande ule wa kitanda,
ule ambao mguu wangu haukuwahi kuuvuka,
na nikipitisha mkono alfajiri
shuka ni moto, ungeweza kuatamishia yai.
Hapo ndipo anapoanza, saa kumi na nusu, giza totoro,
kunieleza jambo refu kuhusu bakuli.
Ndiyo, namwambia.
Ehe.
Kisha ikawaje?