Tundu la Sindano

Umeniuliza, Mwanatumu, kama ilifaa.
Ngoja nitie matone kwanza;
asubuhi macho yangu ni makavu
kama birika ya msikiti uliokatiwa maji.

Miaka kumi na tisa. Ulikuwa mtoto wa kubebwa.
Nilikwenda Mombasa na miwani mizito kama vitako vya chupa,
nikarudi Lamu na pua tupu,
na vile vidimbwi viwili ilivyovichimba
vikakaa mwaka mzima vikimngoja mwenyewe.

Dakika kumi, tena hazikutimia.
Taa nyekundu. Harufu ya nywele zinazoungua.
Daktari akisema: usitikisike.
Kesho yake kutwa nilisimama darini kwa bibi yako, Mtamwini,
nikahesabu makuti ya mnazi wa jirani
moja moja, Mwanatumu! Mimi,
niliyedhani mnazi ni wingu la kijani lenye mguu.
Nikaona kiraka cha sufuria iliyoanikwa dari ya tatu.
Nikalia. Wakaniambia nisilie, kidonda kibichi.

Hilo ndilo wanalolitangaza.

Usiku kila taa ina pete ya ukungu;
taa za Manda, ng'ambo, zimevaa vilemba.
Mwezi ukivimba sijui ni mwezi au ni mimi.
Na ule upeo umerudi nyuma, nusu namba hivi,
kama mpangaji anayepunguza kodi kimyakimya.

Lililobaki hawakulificha. Nililitia sahihi bila kulisoma.
Zamani nikivua miwani,
kitambaa nikikileta hapa, puani,
naona uzi ndani ya uzi.
Kofia za vito nilizishona hivyo, tobo kwa tobo,
hata Bunu Shekuwe akauliza
nimeazima wapi macho ya sisimizi.
Ule ukaribu ulikuwa mali yangu. Niliuuza,
nikanunua mbali.
Kisha arubaini na tano ikabisha hodi;
sasa ni wewe unayenitungia uzi,
na vidimbwi vya pua vimempata mwenyewe.

Ilifaa?
Juzi nilikujua boti ikiwa bado haijakaribia gati,
kwa namna unavyoshika buibui kwa mkono wa kushoto.
Mama yako akashangaa, nimejuaje.
Ukapanda ngazi, ukanikumbatia,
uso wako ukaja karibu mno,
nikaupoteza.

Nenda, ukitaka. Macho ni yako.
Ila kabla hujaenda
nitungie sindano za wiki nzima,
uzichome hapa kwenye mto, mstari mmoja,
nizipate kwa kupapasa.