Jiko la Mnada wa Msalato

Nililikuta Jumamosi, limeegemea kreti za soda
kati ya mbuzi wa kamba moja na lundo la viatu vya mtumba.
Muuzaji akasema, "Halijafa hili, limelala."
Nikamwambia, hata marehemu husemwa hivyo.
Tukacheka. Akapunguza elfu tano.

Lilifika Kizota juu ya guta,
chungu chake kizito kikigonga kila tuta,
na Mama Nyendo akachungulia ukutani kuuliza
kama sasa nafungua mgahawa.
La, mama. Humu hakitapikwa cha kuliwa.

Nikalilaza kifudifudi kwenye gunia.
Kutu ikabanduka kama maganda ya karanga.
Mpira wa gesi ulikuwa na nyufa za kisigino cha kiangazi,
huo sikuufikiria mara mbili.
Rigoleta nayo nikaibadili.
Lakini bawaba ya mfuniko, hapo nikasita:
mtu aliwahi kuifunga kwa spoki ya baiskeli,
akaipinda mara tatu, akaificha ncha
isije ikamchoma atakayefuata.
Na ubavuni, kwa msumari, akakwaruza: Z. M.

Nani wewe, Z. M.?
Zakaria? Zefania?
Au Zainabu, fundi kama mimi,
uliyechoka kuulizwa fundi mwenyewe yuko wapi?
Spoki yako nimeiacha.

Siku mbili moto ulikataa.
Ulitoka wa njano, mvivu, ukapaka masizi,
kisha pu! giza, na harufu ya gesi puani.
Nikazibua pua ya shaba kwa unyuzi wa waya wa breki.
Nikapaka povu la sabuni kila kiungo,
hakuna hata kipovu kilichovimba.
Nikalitukana kwa Kigogo,
nikaliomba radhi kwa Kiswahili.
Siku ya tatu nikasukuma waya kwenye bomba la hewa:
ukagota.
Nikachokonoa. Likadondoka tonge la udongo
lililofinyangwa kuliko vyungu vya sokoni,
nyumba ya nyigu, vyumba vinne, kuta safi.
Kumbe jiko halikuwa bovu.
Lilikuwa na mpangaji.

Nikawasha. Bluu.
Likanguruma kama mashine ya kusaga inayoanza zamu.

Basi, risasi.
Neno ni hilo hilo, la kumwua mtu na la kuzamisha wavu,
na mtoto wa dada yangu, Chedego, huniuliza kila mara
kama natengeneza za bunduki.
Zangu ni vidonge vya kusawazishia magurudumu,
nimeviokoteza gereji za barabara ya Singida;
vilizunguka na malori hadi vikachoka,
sasa vinakwenda Mtera kukaa chini ya maji.

Mji mzima unaomba mvua.
Mimi, Mungu anisamehe,
nilitazama wingu jeusi upande wa Kongwa
nikaliambia: pita.
Tone moja likiingia humu, chungu hutema usoni.
Hata jasho langu nililifuta nimegeuza shingo.
Wingu likasimama juu ya mabati yetu,
likafikiri,
likapita.
Uwele wa Mama Nyendo ukabaki umekunja majani
na mimi nikashindwa kumtazama.

Nikaengua taka kwa kijiko kirefu. Uso ukafunguka,
kioo ambacho huwezi kukiinamia.
Nikamimina. Vya kwanza vilitoka na makunyanzi,
kalibu ilikuwa bado baridi.
Nikavirudisha chunguni, vikayeyuka bila kinyongo.
Vya pili nusu nusu.
Kufika jioni, sitini na vitatu, vizito, vya kijivu,
vinapoa juu ya bati kwa sauti ndogo ndogo.

Nimefunga mtungi. Nimevua shati mlangoni.
Nimenawa mikono kwa sabuni, mara moja, mara mbili.
Ndani mtoto amesikia hatua zangu, analia.
Ngoja, mwanangu.
Mara ya tatu.